Je, Umbali ni Udhuru?

Neno ninalotaka kulileta mbele yenu mwezi huu lilizaliwa penye matanga, na aliyelizaa ni mimi mwenyewe, tena kwa kosa. Kwa hiyo msinihesabu kuwa mwalimu katika habari hii. Nihesabuni kuwa mtu aliyejibu swali upesi mno, na sasa anarudi polepole kulitazama tena.

Mwaka jana, wakati wa masika, alifariki mama yangu mkubwa, dada yake mama mzazi, hapa kwetu katika milima ya Taita. Alikuwa mjane wa miaka mingi, na mtoto wake wa kiume ni mmoja tu, naye yuko New York, nchi ya Marekani, yapata miaka tisa. Tulimngoja siku tano. Siku ya sita tukazika, naye hakuja. Jioni, watu walipokuwa wameketi wakiota moto, maneno yakaanza kama yaanzavyo penye moto. Mmoja akasema kwamba bahari ni kubwa, kijana asilaumiwe. Mwingine akasema, bahari gani? Siku hizi hakuna bahari. Ndipo wakanigeukia mimi: "Mwalimu, wewe umesoma. Kutoka Nairobi hata New York ni mwendo wa kadiri gani?"

Nami, kwa kuwa napenda kuulizwa, nikajibu papo hapo. Nikasema ni kilomita kama 11,800, na ya kwamba tangu tarehe 28 Oktoba 2018 iko ndege ya Kenya iendayo moja kwa moja pasipo kutua njiani, nayo huchukua saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Nikaongeza, wala hakuna aliyeniomba: "Yaani mtu akipanda kule baada ya chakula cha mchana, kesho yake asubuhi yuko Nairobi."

Pakawa kimya. Halafu mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Basi saa kumi na nne zimemshinda kuja kumzika mama yake." Neno lile likatoka pale motoni likazunguka kijiji kizima, na kabla ya juma kwisha likafika New York, maana maneno siku hizi hayangoji ndege.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo linisumbualo. Kama ningalikosea tarakimu ningaliomba radhi, yakaisha. Lakini nimeipima tena mbele ya wanafunzi wangu. Shuleni tunalo tufe la dunia, limepasuka kidogo upande wa Australia, walakini lafaa. Nikamwambia mtoto mmoja aushike uzi penye Nairobi, mwingine auvute mpaka New York, ukazwe usiwe na kilegevu. Watoto walidhani uzi utapita juu ya Kongo ya kaskazini na Nigeria, kwa maana rula ikiwekwa juu ya ramani ya ukutani ndiko ipitako. Uzi haukupita huko. Ulipanda kaskazini magharibi, ukapita Sudan Kusini, ukapita Chad na jangwa la Sahara, ukatokea Algeria na Morocco, ndipo ukaingia bahari ya Atlantiki. Wakashangaa, wakauliza kwa nini ramani imewadanganya. Nikawaambia kwamba ramani haikudanganya. Imelazimishwa kukionyesha kitu cha mviringo kana kwamba ni bapa, na kila alazimishwaye hivyo hutoa ushuhuda wenye upungufu. Kisha tukaulaza uzi ule juu ya mstari wa ikweta, ambao mzunguko wake ni kilomita kama 40,000, tukaona kwamba ni pungufu kidogo ya sehemu tatu katika kumi. Wakazidisha, wakapata kilomita karibu 12,000. Basi hesabu ni ile ile.

Mtoto mmoja, ambaye kwa kawaida husinzia, akauliza swali zuri kuliko yote: ikiwa uzi ni mmoja, mbona kwenda ni saa 15 na kurudi ni saa 14? Nikamweleza habari za upepo. Kule juu ndege zirukako, kadiri ya kilomita kumi kutoka ardhini, katika nchi za kaskazini upepo mkuu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na pengine mwendo wake hupita kilomita 200 kwa saa. Ndege iendayo Marekani hupambana nao. Irudiyo husukumwa mgongoni. Marubani waujua sana upepo huo. Hata katika safari iliyo ndefu kuliko zote za abiria zisizotua njiani, ile ya kutoka Singapore mpaka New York, kilomita zaidi ya 15,300, saa zaidi ya 18 hewani, huweza kuiacha njia iliyo fupi na kuzunguka juu ya bahari ya Pasifiki ili wachukuliwe na upepo, nao hufika mapema zaidi kwa njia iliyo ndefu. Yule mtoto akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, kwenda na kurudi si umbali mmoja." Nikamwambia kwamba kilomita ni zile zile, saa ndizo zisizolingana. Sikujua wakati ule kwamba nitalikumbuka jibu lake kwa haya.

Sasa niwaambieni nilivyowaza siku ile ya matanga, kwa maana wazo lile si la kipumbavu, na wengi wenu mnalo.

Nalifikiri hivi: zamani aliyekwenda mbali alikuwa na udhuru, nao udhuru wake ni bahari. Safari ya kwanza ijulikanayo sana kati ya pwani yetu na New York ni ile ya Sultana, marikebu ya Sayyid Said bin Sultan wa Unguja. Ilikwenda chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikiwa imechukua pembe, karafuu, kahawa na tende, ikazunguka rasi ya kusini ya Afrika, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Ilikuwa baharini karibu miezi mitatu tangu kuondoka Unguja, na kurudi kwake hakukwisha hata mwisho wa mwaka ule. Kama mama yake baharia mmoja alifariki Unguja katika miezi hiyo, nani angemlaumu mwanawe? Angefika akaonyeshwa kaburi lililokwisha kuota majani.

Hata karibu zaidi na sisi, baba wa babu yangu alichukuliwa katika vita vikuu vya pili, akaenda Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Akiwa kule katika misitu na mvua, mama yake akafa hapa kijijini. Alirudi vita vilipokwisha, akapelekwa kaburini, akalia, watu wakalia naye tena kana kwamba msiba ni wa jana. Habari hii husimuliwa kwetu kwa heshima. Hakuna asemaye kwamba alimwacha mama yake.

Basi, nalijiambia, ikiwa miezi mitatu ni udhuru mkubwa, saa 14 ni udhuru mdogo sana. Njia ikifupishwa, udhuru nao hufupishwa. Aliyekuwa mbali amesogezwa karibu kwa kazi ya wenye elimu, na aliye karibu hudaiwa kama jirani. Nalisadiki hivyo, nami nalilala usingizi mzuri.

Siku ya tatu baada ya maziko simu yangu ikalia usiku wa manane. Alikuwa ni yeye, ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Hakuwa na hasira, na kama angalikuwa nayo ningeona nafuu. Akasema, "Mdogo wangu, nimesikia ya kwamba umewafundisha watu hesabu." Nikanyamaza. Akasema, "Hesabu yako ni kweli. Hata mimi naijua. Ndege ile naiona ikipita ninapotoka kazini."

Kisha akanieleza mambo ambayo kwa miaka tisa hakumwambia mtu kijijini, ila mama yake. Karatasi zake za kukaa katika nchi ile zimo mikononi mwa maofisa, hazijajibiwa. Akitoka kabla ya jibu, mlango hufungwa nyuma yake, wala haijulikani kama utafunguliwa tena. Kazi yake ni kuwahudumia wazee wasiojiweza katika nyumba zao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Kwa mshahara huo dada zake wawili wamesomeshwa, na mama alitibiwa. Siku ile tulipokuwa tukizika, kule kwake kulikuwa bado usiku, kwa sababu saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa saba au nane kufuatana na majira. Alikuwa zamu kwa bibi kizee mmoja. Mpwa wake akaiinua simu hapa kaburini, naye akasikiliza udongo ukianguka, akiwa amesimama katika jikoni ya watu, akijizuia asimwamshe yule bibi. Asubuhi akamwogesha kama kawaida.

"Nikaosha mgongo wa mama wa mtu mwingine," akasema, na asiongeze neno.

Nikajaribu kuomba radhi. Akasema radhi si neno, bali angependa niseme mbele ya wale wale niliowaambia zile saa kumi na nne. Kwa hiyo naandika, na kabla ya kuandika nimekwisha kusema.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: kosa langu lilikuwa wapi, ikiwa tarakimu zote zilikuwa kweli? Nimeona kwanza kwamba zile saa ni za kiwanja hata kiwanja, wala si za nyumba hata nyumba. Saa 14 haziulizi nani alitoka nyumbani na nani atampokea. Ni za yule aliyekwisha kuketi katika kiti chake, karatasi zake zikiwa zimekaguliwa na nauli yake imelipwa. Ni kama mtu kusema kwamba safari ya kwenda ng'ambo ya mto ni ya kupiga makasia mara ishirini, akaacha kuuliza kama mtumbwi upo, ni wa nani, na kama mwenyewe hukubali kumpakia kila mtu.

Na hapa lilinirudia neno la yule mtoto asinziaye, kwamba kwenda na kurudi si umbali mmoja. Mwenyeji wa Marekani atakaye kututembelea Kenya, tangu Januari 2024 hahitaji viza. Huomba ruhusa kwa njia ya mtandao, ilianza kwa ada ya dola 30, akapanda ndege. Mwenyeji wa Taita atakaye kwenda kumtembelea mwanawe kule sharti aende kuulizwa ana kwa ana, na kabla ya kuulizwa alipe ada, ambayo tangu Juni 2023 ilikuwa dola 185, wala harudishiwi kama akikataliwa. Mama yangu mkubwa alikuwa na hamu hiyo. Nilimfanyia hesabu mimi mwenyewe, nikamwambia kwamba ni zaidi ya shilingi 20,000 za kuombea tu, nauli bado. Akacheka. Akasema, "Hiyo ni bei ya mtamba. Mimi sitoi mtamba kwa kuuliza mlango kama uko wazi." Akanunua mtamba kweli, akampa jina la mwanawe, nasi tukachekelea jambo hilo miezi mingi. Sasa silicheki.

Upepo hufanya tofauti ya saa moja kati ya kwenda na kurudi. Tofauti nyingine yote ni kazi ya watu. Sisemi kwamba kila nchi haina haki ya kulinda mlango wake. Hata mimi nina mlango, nao una kufuli. Nasema tu kwamba mtu asihesabu kufuli kuwa si kitu, kisha akamlaumu aliye nje kwa sababu njia ya kufika mlangoni ni fupi. Ahmad bin Naaman alikaa baharini miezi, lakini alipofika wakuu wa mji walimpokea kwa heshima, na marikebu yake iliyochakaa ikatengenezwa katika karakana ya jeshi la majini la Marekani pasipo malipo. Njia yake ilikuwa ndefu na mlango wake ulikuwa wazi. (Twajua pia ya kwamba Waafrika wengi wengine walivushwa bahari ile ya Atlantiki wakiwa katika minyororo, na biashara ya namna hiyo ilifanyika hata kwetu pwani, kwao hao hakuna hesabu ya kilomita ifaayo, kwa maana njia ya kurudi haikuwapo kabisa.)

Tena nikalitazama upya lile jambo la baba wa babu yangu. Twamsamehe kwa ajili ya bahari ya Hindi. Lakini hebu tufikiri. Si bahari iliyomzuia asije kumzika mama yake. Meli za askari zilikuwa zikienda na kurudi. Kilichomzuia ni amri. Hata kama vita vingekuwa Voi, chini ya mlima wetu, asingeruhusiwa kupanda. Wazee wetu walidhani wanamsamehe kwa sababu ya umbali, kumbe walikuwa wakimsamehe mtu asiyekuwa huru. Umbali ulikuwa vazi tu la ile amri. Ndege imekuja ikavua vazi, nasi tunamwona mtu yule yule aliyezuiwa, lakini kwa kuwa hana tena bahari mgongoni mwake twamwita mkosefu.

Nasadiki liko na jambo lingine, nalo nimelifikiri kuliko yote. Zamani mtu na habari walisafiri pamoja. Habari ya kifo ilipanda marikebu ile ile ambayo mwana angeipanda, nayo ikafika wakati ule ule ambao mwana angefika. Aliyekuwa mbali alipopata habari, msiba ulikuwa umekwisha kwa wengine. Alilia peke yake, wala hakuna aliyekuwa amesimama mlangoni kumtazamia. Mwaka 1879 waya wa simu uliletwa Unguja chini ya bahari, na tangu siku hiyo habari ilianza kumtangulia mtu katika pwani yetu. Leo imemwacha mbali sana. Habari ya mama yangu mkubwa ilifika New York kabla hatujamwosha. Habari haina viza, hailipi nauli, haiombi likizo. Mtu anavyo vyote hivyo mbele yake. Kati ya dakika ile aliyojua na dakika ile ambayo angeweza kufika pamefunguka nafasi ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, na katika nafasi hiyo ndimo lawama zinamoota. Twamngoja kwa sababu anajua. Naye ateseka kwa sababu twajua ya kuwa anajua.

Kwa hiyo sioni haki kusema kwamba ndege imewafanya watu wote kuwa majirani. Imewafanya wengine kuwa majirani, na wengine imewaweka mahali pagumu: karibu kiasi cha kuitwa, mbali kiasi cha kutoweza kuitika.

Wako watakaoniambia, na mmoja amekwisha kuniambia, kwamba nikisema hivi nawafungulia mlango wavivu. Yuko kijana wetu mwingine ughaibuni ambaye karatasi zake ni kamili na fedha anayo. Twaona picha zake akitembea nchi mbalimbali kwa mapumziko. Hajakanyaga kwao miaka saba, na baba yake amepofuka. Je, huyu naye ana udhuru? La, hana. Sikusudii kumtetea. Ndege haikumwondolea wajibu, imemwongezea, kwa sababu kile kilichowazuia wengine yeye hakimzuii. Lakini angalieni: huyo na ndugu yangu wako katika nchi moja, na uzi wangu juu ya tufe hupima mwendo wao sawasawa. Kama kilomita na saa zingekuwa ndiyo mizani, hukumu yao ingekuwa moja. Haiwezekani iwe moja. Basi yatupasa kuuliza habari za mtu kwanza, kabla ya kuuliza habari za njia: aliweza nini, alitaka nini, na katika lile aliloliweza alifanya lipi. Maswali hayo hayajibiwi upesi penye moto wa matanga, wala mwalimu hawezi kuyajibu kwa sababu tu anayo ramani.

Je, fedha aliyotuma yatosha badala ya yeye mwenyewe? Hapa nakiri nashindana na nafsi yangu. Fedha hailii. Fedha haishiki jeneza. Dada zake walipokuwa wakianguka kaburini walihitaji bega la kaka yao, wala si risiti ya hospitali. Sitaki mtu aseme kwamba kutuma ni sawa na kuja. Lakini yule asimamaye usiku katika jikoni ya watu akisikiliza udongo kwa simu, naye hawezi kusemwa kwamba hakuwapo. Alikuwapo kwa namna iliyo ngumu kuliko yangu. Mimi nilikuwapo nikala ubwabwa.

Siku tulipokusanyika tena kuweka msalaba kaburini, niliomba ruhusa kwa wazee, nikasimama, nikasema kwamba nimewapa hesabu iliyo kweli nikaacha sehemu iliyo kubwa, na ya kwamba ndugu yetu hakushindwa na saa kumi na nne. Sikutaja habari zote za karatasi zake, kwa maana ni zake. Nilisema amezuiwa kama askari alivyozuiwa Burma. Wengine walielewa. Wengine wakasema mwalimu amenunuliwa. Yule mzee wa kwanza alinitazama kitambo, akasema, "Haya. Lakini angetuambia mapema." Nikamjibu kwamba ni kweli, angetuambia. Nikafikiri pia, ila sikusema, kwamba hatukuwa tumemwuliza, kwa miaka tisa, ila habari za mshahara.

Imebaki sehemu yangu. Ninaye mjomba, ndugu mdogo wa mama yangu na wa marehemu, akaaye Taveta. Hakuja maziko kwa sababu miguu yake imevimba, hawezi kupanda gari. Kutoka kwangu mpaka kwake hakufiki saa tatu kwa matatu, na nauli yake mwalimu hawezi kusema kwamba ni nzito. Hapana viza, hapana ofisa wa kuniuliza swali. Wakati ule nilipokuwa nikiwahesabia watu saa za New York, nilikuwa sijamwona mjomba huyo tangu mwaka wa pili kabla ya hapo. Kila likizo nalisema nitakwenda likizo ijayo.

Nilikwenda siku ya Jumamosi baada ya ile simu. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, mguu umewekwa juu ya kigoda. Nikaamkia, akaitikia, akanishika mkono muda mrefu kwa kuwa macho yake nayo hayaoni sawasawa, akataka ajue ni mtoto yupi. Tulizungumza habari za dada yake, kisha habari za mahindi. Nalingoja aniulize kwa nini sikuja siku zote hizo, nami nalikuwa nimejitayarishia maneno. Hakuuliza. Aliuliza kama ile barabara ya lami kutoka Mwatate imekwisha.

Nikamwambia ilikwisha zamani.

Akasema, "Ndiyo. Nalisikia."